Maneno Mia Sita na Hamsini

Huku kwetu mtoto akitimiza miaka kumi na saba, kiangazi kikiingia, hapumziki. Wadogo zake wanakwenda ziwani kuoga, yeye anaambiwa kaa chini, mwakani unamaliza sekondari, na vyuo vikuu vinataka kujua wewe ni nani. Alama peke yake hazitoshi, alama nzuri wanazo wengi. Wanataka insha. Maneno mia sita na hamsini, lisizidi hata moja, ueleze jambo lililokuumiza na jinsi lilivyokufunza. Mtu mzima mwenye akili zake huishi miaka themanini asimwambie hata jirani lililomuumiza, lakini mtoto wa miaka kumi na saba anatakiwa aliandike kwa ufasaha, aweke na nukta mahali pake, kisha awatumie watu asiowajua. Sijui nani alianzisha desturi hii, ila siku nikimkuta nitampa lake.

Kaisa Lahti, binti wa Reino dereva wa basi la shule, alikuwa na jambo la kuandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake.

Waliishi wawili tu, baba na binti, katika nyumba ya mwisho kwenye barabara ya mgodi wa zamani hapa Harju, huku juu kaskazini ambako theluji hufika madirishani. Mama yake alikwenda zake Wisconsin, jimbo la jirani, Kaisa akiwa na miaka tisa, akabaki kuwa kadi ya Krismasi. Reino ndiye aliyemlea. Alijifunza kusuka nywele kwa kufuata picha, akazisuka vibaya miaka mitatu mizima, na Kaisa alikwenda shule na nywele zile zile bila kusema neno, maana aliona baba anavyohangaika.

Reino aliendesha basi nambari nne kwa miaka ishirini na sita. Barafu, ukungu, paa wanaoruka barabarani kama vichaa, yote aliyapita, na hakuna mtoto aliyewahi kutoka na mchubuko ndani ya basi lake. Halafu majira ya baridi yaliyopita kichwa chake kikaanza kuvuja. Kilianza na vitu vidogo. Akamwita mbwa wao kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Akagonga kioo cha pembeni kwenye mlango wa gereji, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mwezi wa tatu, asubuhi, barabara anayoijua kuliko kiganja chake, akasimamisha basi katikati ya njia huku injini inanguruma, akageuka.

"Mama," alimwita binti yake hivyo siku zote, "hivi hapa tunakwenda wapi?"

Kaisa alikuwa amekaa kiti cha nyuma yake. Akamwambia, kulia, baba, kwa akina Heikkinen. Reino akacheka, akasema kahawa haijamwingia vizuri. Kaisa naye akacheka, lakini tangu hapo hakuyatoa macho barabarani.

Hawakulizungumza. Siri ya mtungi muulize kata, na kata alikuwa Kaisa. Alichofanya ni kutafuta njia ya kuwamo ndani ya basi kila siku. Kiangazi kulikuwa na masomo ya ziada ya watoto wadogo, watoto kumi na mmoja wa kuchukuliwa asubuhi na kurudishwa mchana. Kaisa akajiandikisha kuwasomea hadithi bila malipo. Walimu wakamsifu, wakasema kazi hiyo itapendeza kwenye fomu za chuo. Itapendeza, ndiyo, lakini yeye alitaka kile kiti cha nyuma ya dereva. Akatunga wimbo wa njia, akawafundisha wale watoto. Kwa bibi mwenye bata, kulia! Penye kanisa lililofungwa, kushoto! Watoto waliimba kwa makelele mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na Reino akafuata wimbo. Watu waliokuwa barabarani walipunga mikono. Nani angejua?

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kulikuwa na chuo kikuu huko kusini, saa kumi kwa gari, ambacho kila mwaka huchukua watoto wachache wa vijijini na kuwalipia kila kitu, kuanzia kitabu mpaka shuka. Kaisa alitaka kwenda huko kusomea mawe. Amekulia juu ya mashimo ya shaba, chini ya kitanda chake kuna makopo ya mawe yenye majina. Na Reino alitaka aende kuliko Kaisa alivyotaka mwenyewe. Alibandika picha ya chuo kile mlangoni mwa friji, kila mgeni akiingia anaonyeshwa.

Lakini akienda, nani atakaa kile kiti? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Baba alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Na bila lile basi, Reino angekuwa nani?

Mwezi wa Julai, Bi Orvis, mshauri wa wanafunzi pale sekondari, aliita wanafunzi wanne maktaba ya mji kwa siku nne za kuandika insha. Mama mpole, miwani inaning'inia kifuani, biskuti kila siku kwenye bakuli. Siku ya kwanza Kaisa alisoma alichoandika kuhusu kuwasomea watoto hadithi.

"Ni nzuri," akasema Bi Orvis.

"Lakini?"

"Lakini ni uji usio na chumvi wala sukari, binti yangu. Nikiuokota mezani hauna jina, sitajua ni wako. Hata Brodie angeweza kuuandika."

"Eti hata mimi!" Brodie akasema. Huyu alikuwa kijana mmoja kipande cha mtu, anacheza hoki, na insha yake ilikuwa juu ya goti lake.

"Wewe goti lako limetuchosha," Kaisa akamrudishia. "Limevunjika ukurasa wa kwanza, mpaka wa pili bado linavunjika."

"Afadhali langu lina damu!"

Wakacheka wote. Bi Orvis akawaacha watulie, kisha akasema kwa sauti ya chini: andikeni lile mnaloogopa kuliandika. Mkiona mkono unatetemeka, hapo hapo ndipo penyewe.

Basi Kaisa akaenda nyumbani, akaandika mkono ukitetemeka. Aliandika basi lilivyosimama katikati ya barabara. Akaandika wimbo, vioo vitatu vilivyovunjika, na jinsi baba anavyomtazama kwenye kioo cha juu kabla ya kila kona, macho ya mtu mzima yanayoomba msaada kwa mtoto na kuona haya kuomba. Aliandika kwamba nguvu za kuondoka amezipata katika kile kile kiti ambacho hawezi kukiacha. Kwa wiki tatu alikata, akaongeza, akakata tena. Neno la mia sita na hamsini lilipokaa mahali pake aliruka jikoni peke yake kama mtoto aliyepewa pipi.

Na nitawaambia kitu ambacho mwenyewe alikuja kukisema baadaye, akilia. Katika wiki zile tatu aliacha kumwona baba yake. Alikuwa akiona sentensi. Reino akikosea kuvaa viatu, yeye anakimbilia kalamu. Moyoni alijiambia kwamba karatasi hii inakwenda mbali, kwa watu wasiojua Harju iko upande gani wa dunia, watasoma, watatikisa vichwa, basi. Haikumjia akilini kabisa kwamba kabla ya kufika mbali itapita mikononi mwa mtu wa karibu.

Alimpelekea Bi Orvis siku ya Jumatano, ofisini kwake, ili amwangalizie mikato na nukta.

Bi Orvis alivaa miwani, akasoma. Alipofika katikati akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Kaisa aliona macho yake yamelowa, na Mungu amsamehe, alifurahi.

"Kaisa," Bi Orvis akasema. "Mimi nimesoma insha miaka kumi na tisa. Sijawahi kusoma kama hii."

"Asante, Bi."

"Nataka kukuuliza, na unijibu sawasawa. Haya ni ya kweli, au umetia chumvi kidogo? Watu hutia chumvi. Sitakulaumu."

Mlango ulikuwa wazi hapo, jamani. Mwanamke wa watu alimfungulia mlango kabisa, akaushika usijifunge. Kaisa angesema nimetia chumvi, mambo yangeishia pale. Lakini yeye alidhani anaulizwa kama ni mwandishi mwaminifu. Akanyoosha mgongo.

"Ni kweli, Bi. Kila neno."

Bi Orvis akaiweka ile karatasi mezani taratibu. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Kuna watoto kumi na mmoja ndani ya hilo basi, mwanangu."

Hapo ndipo Kaisa alipoelewa. Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Lakini mimi nipo! Mimi nakaa nyuma yake kila siku, hajawahi kukosea nikiwapo—"

"Najua."

"Masomo yanaisha wiki ijayo! Siku sita tu! Bi Orvis, nakuomba. Ni insha tu hii. Wewe ndiye uliyesema tuandike tunaloogopa."

"Nilisema." Mama yule alikuwa analia sasa, na alikuwa ameshashika simu. "Nilisema mimi mwenyewe. Lakini nikishajua siwezi kukaa nalo, kazi yangu hainiruhusu. Na hata kama ingeniruhusu, mjukuu wangu yumo humo."

Kaisa alichomoa karatasi mezani, akaikunja, akaitia mfukoni, utadhani kuikunja kutafuta yaliyosomwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi nyumbani kwa baiskeli, akamkuta baba anakaanga viazi, anapiga mluzi, furaha tele. Akamuuliza insha inaendeleaje. Kaisa akasema inaendelea. Hakula, akasema kichwa kinamuuma.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote gereji ya mabasi kama kawaida, na mlangoni alikuwa amesimama Duane Beauchamp. Duane ni fundi wa mabasi, rafiki wa Reino tangu wakiwa darasa la pili, na ndiye aliyebadilisha vile vioo vitatu bila kuuliza swali hata moja. Siku nyingine angempigia Kaisa kelele kutoka mbali, "Profesa! Umeshaingia chuo au bado unatuuzia sura hapa?" Siku ile hakutania.

"Reino, leo utapumzika kidogo."

"Nipumzike nimechoka nini?"

"Ofisi wanakuita. Basi nitalipeleka mimi."

"Wewe? Wewe unaendesha kama bibi harusi anayeogopa kuchafua gauni." Reino akacheka, akanyoosha mkono kuchukua funguo zilipotundikwa, akakuta hazipo. Akamgeukia Duane. Kicheko kikaisha polepole.

Duane hakumtazama. Alimtazama Kaisa, kwa kitambo kidogo tu, na Kaisa akajua kwamba amekwishaambiwa habari imetoka wapi.

Ofisini walimpa Reino kahawa na maneno ya heshima. Wakampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari akampa karatasi, akamwambia achore saa, aweke mishale saa tano na dakika kumi. Reino alichora duara zuri sana. Akaandika tarakimu zote kumi na mbili zikasongamana upande mmoja, akakaa anaitazama, anajua ina kasoro, haoni kasoro yenyewe. Leseni ya magari makubwa ikabaki mezani kwa daktari. Alirudi nyumbani na mto wake wa kukalia na mkebe wa chakula, akaviweka mezani, akavitazama mpaka jioni.

"Nani kasema?" Hilo ndilo alilotaka kujua. Hakulilia ugonjwa, hakulilia kazi. "Mtu kanichongea, mama. Miaka ishirini na sita, halafu mtu anakwenda kwa mlango wa nyuma ananichongea. Nani alikuwa anajua? Vioo nani alikuwa anajua? Duane! Kikulacho ki nguoni mwako."

"Si Duane, baba."

"Umejuaje?"

Kaisa akainuka kuosha vyombo. Siku ya kwanza alinyamaza, ya pili akanyamaza. Ya tatu ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi za Agosti huku kwetu watu wanachuma matunda mekundu ya porini ya kupika jamu. Walikwenda wawili, kila mtu na ndoo yake, kando ya barabara ya mgodi. Mbu walikuwa wengi. Reino alichuma haraka, mikono yake haikuwa imesahau kitu. Kaisa akaona kama hatasema leo hatasema tena.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema. Niliandika kwenye insha ya chuo. Nikampa Bi Orvis aisahihishe, akapiga simu. Sikujua, baba. Haki ya Mungu sikufikiri."

Reino aliweka ndoo chini. Akaenda kukaa kwenye gari, mlango wazi, miguu nje. Kaisa alisimama pale pale kwenye majani, mbu wanamla, hawafukuzi.

"Ume-ni-andika?" baba akauliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Unayo hapo?"

Ilikuwemo kwenye simu.

"Nisomee."

"Baba, jamani..."

"Wamesoma wengine, mimi nisisomewe? Nisomee."

Akasoma. Sauti ilikatika mara mbili, akaanza tena. Alipofika pale penye macho kwenye kioo cha juu, Reino alitazama pembeni, akajifuta uso kwa kofia. Maneno mia sita na hamsini si mengi, yaliisha.

"Ni nzuri," Reino akasema. "Itume."

"Siitumi."

"Itume, nakwambia. Mtoto wa kwetu hajawahi kuandika kitu kama hicho." Halafu akasema lile ambalo Kaisa hatalisahau hata akizeeka. "Ila ungeanza na mimi, mama. Ungekuja ukaniambia, baba, sasa basi. Funguo ningezipeleka mwenyewe. Ningewapa mkononi, nikawapungia watoto, nikaondoka kwa mguu wangu."

Kaisa alilia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Baba akamkumbatia, ananuka matunda na jasho. Wakarudi wakapika jamu, chupa kumi na moja, na jikoni kulikuwa na joto, na Reino alitania tena. Usiku ule Kaisa alilala fofofo, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Jumapili asubuhi akamkuta mezani, amekunja uso.

"Nimemjua," Reino akasema. "Ni Duane."

Kaisa akadhani ni mzaha. Akatabasamu. Baba hakutabasamu.

"Vioo vile nani mwingine alikuwa anajua? Nimefikiri usiku kucha. Duane kanichongea."

"Baba... jana tulizungumza. Tukichuma matunda."

"Tulizungumza nini?"

Chupa kumi na moja zilikuwa zimepangwa dirishani, jua limezipiga. Alikumbuka matunda. Alikumbuka mbu, akamwonyesha na shingo ilivyovimba. Lile jambo lenyewe halikuwamo. Limevuja na mengine, na lile la kusema itume limevuja, na lile la kukumbatiana.

Kaisa akaketi akaungama upya. Alidhani yatakuwa yale yale, maana mtu ni yule yule. Hayakuwa. Safari hii Reino alisimama, kiti kikaanguka. Akasema, "Umeniuza. Umeniuza kwa watu wasionijua ili upate kwenda zako. Kama mama yako." Akachukua chupa moja ya jamu akaipiga sakafuni. Kisha akatoka nje, akapasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kaisa alipiga magoti akafuta ile jamu na vigae, analia bila sauti, na kigae cha mwisho kikamkata mkono.

Jioni baba aliingia, akaona bandeji, akamshika mkono kwa upole. "Umefanya nini, mama? Pole. Njoo nikufunge vizuri." Akamfunga. Hakukumbuka chupa. Ila hasira ilikuwa bado ipo mahali fulani, inazunguka, inatafuta pa kutua, na ilipotua, ikatua pale pale. Akasema Duane akikanyaga hapa atamwonyesha.

Duane alikanyaga Jumanne. Kaisa alimwona kupitia dirisha akishuka kwenye pikapu yake, mkononi amebeba pasti mbili, mfano wa sambusa kubwa za nyama na viazi, alizooka mkewe, zimefungwa kwa taulo, bado zinatoa moshi. Alifika mpaka ngazini. Reino alikuwa ameshafungua mlango, amesimama mlangoni, na Kaisa yuko nyuma yake, hatua mbili.

"Reino. Salamu ya leo hainijii, nimekuletea chakula tu."

"Nataka kukuuliza neno moja," Reino akasema. "Miaka hamsini tunajuana. Uniangalie machoni."

"Nakuangalia."

"Ni wewe uliyenichongea?"

Duane akafungua mdomo. Kaisa alijua atasema nini, na atasema kweli, na ana haki ya kusema kweli. Lakini macho ya Duane yaliruka bega la Reino yakamkuta yeye. Yaliiona bandeji. Yakakaa pale, yakamngoja.

Hii ilikuwa nafasi yake. Neno moja tu, baba, ni mimi, mara ya tatu. Labda angepata yule baba wa Jumamosi. Labda angepata yule wa Jumapili. Na kesho yake hata lile jibu lingekuwa halipo, angelazimika kusimama tena, na keshokutwa tena, kila siku kumchoma mzee kisu kipya palepale, mpaka siku ya kuondoka. Aliyafikiri haya yote, na ni kweli aliyafikiri. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine, dogo na baya, na aliliona waziwazi: hakutaka kusikia tena neno lile, kama mama yako. Aliogopa. Akayaondoa macho yake kwa Duane, akatazama sakafu.

Duane alivuta pumzi.

"Ndiyo, Reino," akasema. "Ni mimi. Nisamehe."

"Rudia."

"Ni mimi niliyekwenda kuwaambia. Niliona vioo, nikaogopa. Nisamehe, kaka."

Reino hakumpiga. Kaisa alidhani atampiga, lakini mabega yake yaliteremka tu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu.

"Toka kwenye ngazi yangu," akasema. "Usirudi tena hapa. Nikifa usije."

Duane akaziweka pasti chini kwenye ngazi. Alishuka polepole akishika ukuta, maana naye ni mzee sasa, akaingia kwenye pikapu, akakaa muda mrefu kabla ya kuwasha. Kisha akaondoka. Hakugeuka kumtazama Kaisa, na Kaisa alishukuru kwamba hakugeuka, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Reino akafunga mlango. Alirudi mezani akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu funguo zichukuliwe uso wake ulikuwa umetulia, umenyooka, kama wa siku zile za zamani. Hili hakulisahau. Siku zilizofuata zote alikumbuka.

"Umeona?" akamwambia binti yake. "Si nilikwambia ni yeye?"

"Ndiyo, baba," Kaisa akajibu. "Ulisema."